Majina Chini ya Picha

Watu huniuliza, na mara nyingi ni wageni kuliko wenyeji, kwa nini mtu aliyejifunza kazi ya picha Arusha, penye watalii na harusi za wenye nazo, alirudi kutafuta riziki Mbulu na Katesh. Jibu fupi ni kwamba nilizaliwa huko. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa, nami namwomba msomaji anivumilie, maana kazi hii haikwenda kwa mstari ulionyooka.

Kwa asiyepajua, Mbulu ni nchi ya juu, ya baridi na ukungu, ambako Wairaqw wamelima miteremko kwa samadi na makinga maji tangu enzi za mababu. Ukiteremka kusini unapita Dongobesh, unaiacha Haydom na hospitali yake ya mwaka 1955 upande wa magharibi, hatimaye unaingia nyanda za Hanang, malisho ya Wabarbaig. Hapo mlima Hanang umesimama peke yake kama mtu aliyewasusa wenzake, urefu wake zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umekaa chini yake. Nilipozaliwa yote hiyo ilikuwa wilaya moja. Baada ya Uhuru Hanang ikawa wilaya yake, mwaka 1985 Babati ikakatwa kutoka Hanang, miaka ya 1990 Karatu ikakatwa kutoka Mbulu, na mwaka 2002 tukatolewa Mkoa wa Arusha tukawa Mkoa wa Manyara. Mimi nimekuwa mtu wa mikoa miwili bila kuhama.

Kazi yenyewe nilifundishwa na fundi mmoja mwenye studio Arusha, kuanzia mwaka 1974. Mwaka wa kwanza nilifagia, nikachota maji, nikapanga viti. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kuchanganya dawa. Mwaka wa tatu akaniuzia, kwa kunikata mshahara kidogo kidogo, kamera ya Kirusi aina ya Lubitel, ile ya kutazamia kwa juu, mpiga picha akainama kama anayechungulia kisima. Mkanda wake ulitoa picha 12, basi. Mtu mwenye picha 12 kwa siku hapigi ovyo. Anamtazama mteja, anamtengeneza kola, anamngoja atulie, anangoja na wingu lipite.

Nikiwaeleza vijana wa sasa kwamba nilisafishia picha ndani ya tembe hudhani natania. Nyumba ya jadi ya kwetu ilichimbwa nusu ndani ya mteremko, paa lake udongo uliotandazwa juu ya miti, na ndani mchana ulikuwa usiku. Kwa mama anayetafuta sindano iliyoanguka hiyo ilikuwa adha, lakini kwa mtu wa picha ilikuwa neema. Nilihitaji tu kuziba mlango kwa blanketi na kufunga kitambaa chekundu kwenye tochi. Negativu niliilaza juu ya karatasi, nikaweka kioo juu yake, nikafunua kandili huku nikihesabu hadi sita, nikafunika. Taabu ilikuwa baridi. Dawa ya kusafishia hutaka joto la nyuzi 20 hivi, na maji ya Mbulu usiku wa Julai hayafiki hapo hata ukiyabembeleza. Dawa ikipoa hulala, na picha hutoka hafifu, mtu anaonekana kama amesimama nyuma ya moshi. Basi nilikuwa na jiko la mkaa nimelifunika bati, sufuria ya maji ya vuguvugu juu yake, na chupa za dawa ndani ya sufuria. Mama yangu alisema mwanawe amekwenda Arusha kujifunza kuogesha chupa.

Nilizunguka minadani. Mnada wa Katesh, wa Dongobesh, wa Haydom, wa Basotu: siku mbili hapa, kesho kule, kamera begani na pazia la rangi ya samawati limekunjwa chini ya kwapa. Mteja alilipa nusu, akapigwa picha, akaondoka na ng'ombe wake au chumvi yake, na picha aliichukua mnada uliofuata. Pengine mvua zilikata njia akaja baada ya miezi mitatu. Pengine alimtuma mjomba. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo tu, ilinibidi niwe na daftari. Kila picha ilipewa namba, na mbele ya namba niliandika jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, tarehe, mnada, na kiasi kilichobaki. Upande wa Wabarbaig ilinibidi niongeze na ukoo, kwa sababu wanaume wengi majina yao huanza na Gida na wanawake huanza na Uda, na mgeni wa daftari angepotea humo. Daftari lilikuwa la madeni. Sikulianza kwa ajili ya historia, wala neno hilo halikunipita akilini.

Nikaongeza na koti. Lilikuwa koti moja jeusi la mtumba, mikono mirefu, nililolitundika kwenye msumari pamoja na saa ya mkononi iliyokwisha kufa. Aliyetaka kupigwa akiwa na koti alilivaa, aliyetaka saa alifungwa saa. Nusu ya wilaya imepigwa picha ndani ya koti lile. Walikuja vijana waliomaliza darasa la saba, wakitaka picha ndogo za vyeti. Walikuja bwana na bibi harusi. Mwaka 1978, vita na Idi Amin vilipoanza huko Kagera, walikuja wanamgambo na askari waliokuwa wanaaga, na mama zao wakasimama pembeni bila kusema kitu. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya foleni, sabuni haipo, sukari haipo, na mikanda ya picha ndiyo kabisa. Nikapata mkanda mmoja kwa mwezi nikiwa na bahati. Ukilifungua daftari langu la mwaka 1983 utadhani watu walikufa wote, kumbe ni filamu tu iliyokosekana.

Sasa niseme jambo linalonisumbua tangu nikiwa kijana. Ukimwuliza mtu wa nje kama amewahi kuona picha ya mtu wa Mbulu, anaweza kukujibu hapana, na kumbe ameiona. Mbio za marathoni za Olimpiki za Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968: Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda kwa saa mbili, dakika 20 na ushei, watu wameanza kwenda zao, kiza kimeingia, na baada ya saa moja na zaidi anaingia uwanjani mtu mmoja anachechemea, goti limefungwa bendeji, jezi ya Tanzania kifuani. Alikuwa ameanguka njiani. Huyo ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, na walioanza walikuwa 75. Filamu ya dakika zile imezunguka dunia nzima. Wapo waliotufahamu kwa goti lile tu. Miaka kumi baadaye, 1978, Gidamis Shahanga, kijana wa Katesh, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, na picha zake zikazunguka pia, ingawa kwa uchache, kwa maana dunia wakati mwingine humkumbuka aliyeumia kuliko aliyeshinda.

Hao wawili picha zao zilisafiri na majina kwa sababu mkimbiaji huvaa namba na namba ina orodha. Sisi wengine picha zetu zilisafiri peke yake. Mjerumani Fritz Jaeger, mwanajiografia, alipita nyanda zetu mwaka 1906 na 1907, na kitabu chake juu ya nchi ya kreta kilianza kutoka mwaka 1911. Baada yake wamepita wengi wenye kamera, wamisionari, wataalamu wa mila, wawindaji, watalii. Wamepiga mlima, wamepiga ng'ombe, wamepiga sketi za ngozi zilizotiwa shanga. Wengi wao walikuwa watu wa heshima na wametuachia vitu ambavyo vingepotea. Lakini tazama chini ya picha hizo uone kilichoandikwa: mwanamke wa kabila fulani, mzee wa kabila fulani, kijana na mkuki. Ng'ombe huandikiwa hivyo hivyo.

Jambo hilo halikutupata sisi tu. Mwaka 1991 huko New York kulikuwa na maonyesho ya sanaa za Afrika, na kati ya vitu vilivyoonyeshwa zilikuwamo picha nzuri sana za studio kutoka Bamako, Mali. Chini yake iliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Akatafutwa, akapatikana yu hai, mzee mstaafu, Seydou Keïta, aliyekuwa na studio yake Bamako tangu mwaka 1948. Akawa mashuhuri hadi alipofariki mwaka 2001, na alistahili. Lakini wale aliowapiga, wale akina mama waliokaa na vitambaa vyao vya maua, wengi wamebaki hivyo hivyo, picha isiyo na jina, leo ukutani Paris, kesho ukutani London. Aliyepatikana ni mpiga picha. Waliopigwa bado.

Nilianza kufikiria kitabu nilipoona kwamba kinawezekana. Hapo awali nilijua vitabu vya picha vya nchi nzima, kama vya Mohamed Amin, Mkenya aliyelelewa Dar es Salaam, aliyefariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia bahari ya Komoro. Kazi yake ilikuwa ya mtu wa helikopta na pasipoti, mimi nilikuwa mtu wa basi. Kisha katika miaka ya 1990 nikaonyeshwa vitabu vya Javed Jafferji wa Zanzibar. Huyu alipiga kisiwa cha kwao, milango ya kwao, bahari ya kwao, na alivichapa mwenyewe. Nikasikia na habari za Capital Art Studio huko huko Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe, ambao hawakutupa negativu zao. Nikajisemea, kumbe mtu anaweza kukaa kwao na kazi yake ikawa kubwa. Nikateremsha madebe yangu ya biskuti, ambamo negativu zilikuwa zimelala katika bahasha za shule, nikaanza kuchagua.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwishoni mwa miaka hiyo kwa mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja. Nilimpelekea picha 140 na karatasi za majina zilizopigwa taipu, namba kwa namba. Alichagua 60. Alipenda mlima asubuhi, mlima jioni, shanga, mifugo ikivuka vumbi, ziwa Basotu na viboko. Picha za koti hakutaka hata moja, akasema ni za studio, hazina Afrika ndani yake. Majina aliyaondoa yote. Nilimwandikia barua mbili, naye alijibu kwamba msomaji wa vitabu vya aina hiyo hasomi majina, na kwamba nafasi ni ndogo. Kitabu kilikuwa kizuri, karatasi nzito inayong'aa, na bei yake ilikuwa ya mbuzi wawili. Kilipofika Katesh nilipewa nakala kumi. Watu walikipokea kwa adabu, wakakifunua, wakatazama mlima wanaouona kila siku wakichota maji, wakakifunga. Mzee mmoja aliuliza kama kweli nimelipwa kwa kumpiga picha mlima, kwa kuwa mlima hausogei.

Kuna picha moja katika kitabu kile ambayo inafaa niieleze kwa kirefu kidogo. Niliipiga katika miaka ya 1980 nyanda za Basotu. Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, hata yakafika saba, eka laki moja hivi kwa jumla, ardhi iliyokuwa malisho bora ya Wabarbaig. Humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Mbarbaig mwenye heshima akifariki hufanyiwa bung'eda: hujengewa kaburi la udongo lenye kimo, kwa taratibu zinazochukua miezi kadhaa, na wajukuu hurudi hapo kusema naye. Majembe ya matrekta yalipita juu ya makaburi mengi. Siku ile mzee mmoja alinipeleka shambani, ngano imekwisha vunwa, jua linatua, akasimama katikati ya matuta akaanza kunionyesha kwa fimbo: hapa fulani mwana wa fulani, pale fulani, pale karibu na mti ule uliokatwa, fulani. Hapakuwa na kitu cha kuona. Nilipiga ardhi tupu, matuta yaliyonyooka hadi upeo wa macho, na kivuli cha mzee na fimbo yake pembeni. Majina matano niliyaandika kwenye daftari. Katika kitabu cha kwanza picha hiyo imeandikwa maneno yanayomaanisha mashamba ya ngano wakati wa machweo.

Ndugu msomaji, siyo kwamba maneno hayo ni uongo. Yalikuwa mashamba, yalikuwa ya ngano, na jua lilikuwa linatua.

Kitabu cha pili nilikichapa kwa fedha yangu, Arusha, mwaka 2006, nakala 500, picha nyeusi na nyeupe, karatasi ya kawaida, jalada la kadi. Niliuza ng'ombe watatu, na mke wangu aliuliza mara moja tu kama nimekusudia, nilipojibu ndiyo hakuuliza tena. Ndani yake mlima upo mara moja. Zilizobaki ni watu: watu wa koti, watu wa mnada, wakunga, madereva, waalimu, watoto wa darasa la saba mstari mzima, na ile picha ya Basotu na majina yake matano chini. Mwishoni niliweka orodha ya majina yote na kurasa zake. Mchapaji wangu, kijana mchangamfu, alishangaa kuona orodha inakula kurasa 14. Akasema, "Mzee, hii ni daftari la kupigia kura." Nilicheka, lakini sikuipunguza.

Nilikiuza minadani kwa bei ya jogoo. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi watu wanavyosoma kitabu cha picha. Mtu wa kwetu haanzi na ukurasa wa kwanza. Anakwenda nyuma, kwenye majina, anapita kwa kidole. Asiyejua kusoma anamwita mtoto amsomee. Akilipata jina la nyumbani kwake anafungua ukurasa, ananyamaza, kisha anaita wengine. Nimeona wanawake watatu wenye umri wa makamo wakigombea kitabu kimoja kwa ajili ya kijana aliyevaa koti langu na saa yangu iliyokufa. Alikuwa kaka yao, alikwenda Kagera hakurudi. Picha aliyochukua siku ile aliondoka nayo mfukoni, na nyumbani hawakuwa na nyingine. Msomaji ataniwia radhi kwamba hapa siwataji kwa majina. Majina yao nimeyaweka palipo na sura zao, na huko ndiko mahali pake.

Jingine lililonifurahisha ni kwamba walikiandika. Nimepita nyumba nyingi nikakuta kitabu kimejaa wino: amefariki mwaka fulani, ameolewa Singida, watoto saba, huyu ndiye baba wa mwalimu. Katika nyumba moja ya Dongobesh nilimkuta mzee ameandika pembeni mwa picha ya jirani yake kiasi cha fedha anachomdai.

Kisha kamera zikabadilika. Miaka ya 1990 tulikuwa tumeanza kupeleka mikanda ya rangi Arusha, ikasafishwa na mashine kwa saa moja. Baadaye zikaja za dijitali, kisha simu, na mpiga picha wa mnadani akawa kama mtengeneza viatu vya matairi: anapendwa, haitwi. Sina ugomvi na simu. Picha zinazopigwa sasa Katesh kwa siku moja ya mnada zinazidi zote nilizopiga maisha yangu yote. Ila zinakaa ndani ya kitu kinachoanguka kwenye maji, kinachoibwa, kinachosahauliwa neno lake la siri, na hakuna anayeandika chini yake huyu ni nani, maana wote wanajua. Wanajua kwa sasa.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Watu wa kwanza walidhani mlima umelipuka, kwa kuwa asili yake ni volkano. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba haikuwa hivyo: mwamba dhaifu ulikuwa umenyonya maji mengi ukashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo viliteremka kupitia Gendabi na Jorodom hadi katikati ya Katesh, sokoni. Watu 89 walifariki kwa hesabu ya serikali, na maelfu walibaki bila makazi. Mtaa ninaokaa mimi haukufikiwa. Nilisikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima bila kufika, kisha kelele za watu.

Siku zile nilipiga picha chache tu, sikupata moyo. Waandishi walikuja, tena walifanya kazi yao vizuri, kwa sababu bila picha zao misaada isingefika upesi namna ile. Serikali ilileta jeshi, mahema, chakula, na baadaye ikawajengea watu nyumba mpya eneo la Waret. Hayo yote yameandikwa kwenye orodha na yalistahili kuandikwa. Kisichokuwa kwenye orodha yoyote ni ukuta. Kila nyumba iliyozolewa ilikuwa na ukuta, na juu yake fremu mbili tatu za picha. Tope halikuchagua.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja wa Gendabi. Alisalimia, akakaa, akasema, "Baba, nimesikia wewe hutupi." Alikuwa amepoteza mama yake na nyumba kwa pamoja. Picha ya mama yake ilikuwa ukutani. Nilimwuliza jina la marehemu, la baba yake, na kijiji alichozaliwa. Mjukuu wangu wa kike, ambaye ndiye anayejua mambo ya kompyuta, alishika daftari la mnada wa Katesh la mwaka 1981, mimi nikashika la 1982. Tulimpata usiku: msichana amesimama mbele ya pazia la samawati, mikono imenyooka, macho makali kama anayemwambia mpiga picha aharakishe. Deni lililobaki, shilingi tano. Mama yule alipouona ukurasa alicheka kabla hajalia. Alitaka kulipa zile tano.

Baada ya huyo walikuja wengi. Tulifanya kazi hiyo hadi Machi, mjukuu wangu akipiga upya negativu kwa kamera yake ya dijitali juu ya kisanduku chenye taa, mimi nikisoma daftari. Hatukutoza kitu. Wengine tuliwapatia sura kamili, wengine upande wa uso tu katika picha ya harusi ya jirani, na kwa mzee mmoja tulichompatia ni mgongo wa mkewe akisukuma toroli mnadani. Aliitambua kanga, akasema inatosha. Wengine tulitoka mikono mitupu. Watoto ndio waliokuwa wagumu kuliko wote. Mtoto wa miaka minne au mitano hayumo katika daftari langu, yeye ni wa zama za simu, na simu nazo zilikuwa chini ya tope. Baba mmoja aliniletea simu aliyoichimbua, imevunjika kioo, imejaa udongo mkavu, akaniuliza kama ninaweza kuisafisha. Alitumia neno lile lile tunalotumia sisi, kusafisha picha. Mjukuu wangu aliipeleka kwa mafundi Babati, kisha Arusha. Walishindwa. Simu tunayo bado, imefungwa kwenye bahasha, na bahasha ina namba.

Sasa nashughulikia kitabu cha tatu, kwa miguu inayouma na macho yanayohitaji miwani miwili. Watu wawili watatu wenye nia njema wamenishauri kiwe kitabu cha maafa, wakisema ndicho kitakachonunuliwa nje. Nimekataa. Tope limekwisha pigwa picha na wenye uwezo kuliko mimi, na sitaki Katesh ijulikane kwa tope kama Mbulu ilivyojulikana kwa goti. Kitakuwa na Katesh yenyewe: mtaa wa soko nilioupiga mwaka 1979, 1988, 1997 na 2010, kutoka kwenye ngazi ile ile ya duka, duka kwa duka, na mwenye duka amesimama mlangoni. Wengine milango yao haipo tena. Pamoja na hao watakuwemo wote 89 nitakaoweza kuwapata, lakini siyo katika sura ya peke yao wala kwa alama ya msalaba. Watakuwa mahali pao, mmoja katika mstari wa darasa la saba, mwingine na mbuzi, mwingine ndani ya koti. Hadi ninapoandika haya nimepata 31, na familia zote zimeulizwa. Familia mbili zimesema hapana na picha zao nimezirudisha debeni.

Mjukuu wangu anataka tuongeze mwishoni kurasa tupu zenye mistari, ili watu waandike wenyewe kama walivyofanya katika kile cha pili. Mchapaji anasema kurasa hizo zitaongeza gharama. Orodha ya majina imefika kurasa 22, na bado daftari tatu za mnada wa Haydom hatujazifungua.